Maneno Chini ya Picha za Godelive

Juzi binti yangu alihitaji gundi kwa kazi ya masomo, na duka la jirani lilikuwa limefungwa. Nikamwambia tutaipika. Nikachukua unga wa muhogo, maji kidogo na sufuria ndogo, nikawa nakoroga juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kama nilivyokuwa nikikoroga zamani, hapa hapa Kamina, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli. Mtu akabisha mlangoni, nikaenda kumsikiliza, na niliporudi unga ulikuwa umeshika chini na kuanza kuungua. Binti yangu alichukua ile gundi iliyosalimika juu akaenda zake. Mimi nikabaki nimechuchumaa mbele ya makaa, mwiko mkononi, na ile harufu ya muhogo ulioungua ikaniletea Godelive, mzima mzima, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa.

Mama yangu mdogo, Béatrice, alikuwa mpiga picha. Ndiye aliyeitwa kwenye komunio ya kwanza, ndoa na matanga ya nusu ya kambi yetu. Filamu zake zilikwenda Lubumbashi kwa treni kuoshwa, zikarudi ndani ya bahasha nene za njano, na siku bahasha ilipofika sisi watoto tulimzunguka kama kuku wanavyomzunguka mwanamke anayetwanga. Picha nzuri zilikuwa za wenyewe. Zilizoharibika alitupa sisi: bibi arusi aliyefumba macho, padri aliyekatwa kichwa, mtoto aliyekimbia mpaka akabaki ukungu mweupe. Na filamu ilipobaki kidogo mwishoni, aliniachia kamera niimalize mwenyewe. Nilipiga vitu visivyokimbia: vagoni za treni zilizolala kwenye nyasi, baiskeli ya baba, nguo juu ya kamba.

Picha hizo tulizitengenezea vitabu vidogo. Tulikata makaratasi magumu ya maboksi ya sabuni, tukabandika picha kwa gundi ya muhogo, tukashona mgongo kwa uzi tulioutoa kwenye magunia. Kimoja tulikiita kabuku, vingi tubuku, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani ambacho Kiluba kimelala ndani yake. Jumapili baada ya misa tulikaa nyuma ya ukuta wa parokia tukabadilishana. Jirani yangu Kabange ndiye aliyesimamia sheria. Kabuku kwa kabuku, hakuna kuazima, na ukishatoa hurudishiwi. Nilikuwa nikitumia juma zima kutengeneza kabuku kamoja, halafu nakatoa kwa dakika chache na kurudi nyumbani na ka mtu mwingine, nikikapenda na huku moyo unaniuma kwa ajili ya kale kangu.

Baba alikuwa mkuu wa treni, yule anayepunga bendera nyuma kabisa ili dereva ajue anaweza kuondoka. Safari zake zilikuwa ndefu na vituo vidogo vilikuwa na kungoja kwingi, kwa hiyo siku moja alitia kabuku kangu kamoja kwenye mfuko wake akatazame njiani. Alirudi bila hako. Akaniambia kwamba pale Luena kuna msichana wa umri wangu anayeuza karanga za kukaanga chini ya madirisha ya treni, kwamba alimwona akifungua kurasa, akaomba kutazama, na akatazama mpaka filimbi ikalia, na yeye baba hakuweza kumnyang'anya. Nililia. Kabuku kametoka bila kabuku kuingia, jambo ambalo Kabange asingelikubali kamwe. Baba akasema nisubiri.

Safari iliyofuata alirudi na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya daftari. Ndani yake kulikuwa na kabuku kutoka kwa yule msichana. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu kwa mwandiko wa kupinda: Godelive.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Picha zetu zilikuwa za rangi, kubwa, na karibu zote zilikuwa na kasoro. Zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiberiti, lakini safi hivi kwamba ungeweza kuona nyuzi za mkeka. Kurasa zilitoa harufu kali kama ya siki. Na chini ya kila picha kulikuwa na maneno. Nakumbuka ya kwanza: «Apa mama anasimama ku mulango. Mukono ya kuume iko juu, inashika mbao. Kikwembe ni ya kijani na maua ya manjano. Mbwa analala kushoto, macho yake imefunga.»

Nikatazama picha. Mama amesimama mlangoni. Mkono wa kulia juu, mbwa kushoto. Habari ya kikwembe, yaani kitenge cha mama, kuwa cha kijani na manjano niliielewa, kwa kuwa picha haikuwa na rangi. Lakini mengine yote niliyaona kwa macho yangu. Kwa nini aniambie kwamba mbwa amelala? Kurasa zote zilikuwa hivyo, kila kitu kimetajwa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukasirika. Niliona wazi kwamba huyu mtoto wa Luena ananidhani mshamba, mtu asiyejua kutazama picha mpaka ashikwe mkono. Mama mdogo alicheka akasema labda msichana anapenda tu kuandika. Kabange akasema ni dharau.

Basi nikaamua kumlipa. Kabuku nilikotengeneza baada ya hapo nilikajaza maneno mpaka ukingoni. Kulikuwa na picha ya arusi ambayo mama mdogo aliikata vibaya, wazee watatu wamesimama bila vichwa. Nikaandika: «Apa bababa batatu. Vichwa yabo haiko. Wa katikati anavala soksi mbili, moja nyeusi, moja kahawia, anazani hakuna muntu ataona. Wa mwisho anashika kofia mukononi, maana hana kichwa ya kuivalisha.» Niliandika hata idadi ya vifungo. Nilitaka asome aone jinsi inavyochosha kuambiwa unachokiona.

Jibu lake lilikuja na treni. Maneno yalikuwa marefu kuliko mara ya kwanza, na kwenye ukurasa wa mwisho, ambapo hapakuwa na picha, alikuwa ameandika: «Soksi ilituchekesha mpaka machozi. Andika tena mingi.»

Ilituchekesha. Neno hilo moja nililijengea nyumba nzima. Niliwaona ndugu zake wengi wamejazana kitandani, yeye akiwasomea, nyumba ya kelele na vicheko, tofauti na yetu ambayo mtoto alikuwa mimi peke yangu na baba alikuwa njiani siku zote. Nikaanza kumwonea wivu. Na hasira ikageuka mashindano. Nilitaka aandike «mpaka machozi» tena. Nilianza kutembea kambini nikitafuta kitu ambacho Luena hawajakiandika: kutu ya vagoni, ambayo si nyekundu wala kahawia bali kama majani ya chai yaliyolala sufuriani; matope yanavyobakiza alama ya matairi ya baiskeli kama msuko wa nywele; viatu vya baba vilivyochakaa upande mmoja kwa sababu alisimama siku zote ameegemea mlango wa vagoni. Tulikwenda hivyo masika mazima na kiangazi kizima, na nyuma ya ukuta wa parokia wenzangu walianza kulalamika kwamba tubuku twangu siku hizi tuna maneno kuliko picha.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Godelive mwenyewe hakuwamo. Nilimjua mama yake, mbwa, jirani anayefuma vikapu, njia inayopanda kwenye mashimo ya zamani ya makaa ya mawe. Sura yake sikuijua. Nikamwandikia pembeni mwa ukurasa, nikamwuliza yuko wapi. Akajibu: «Minyi niko nyuma ya kamera.» Nikawaza kwamba labda ana maringo, au ana alama usoni anayoionea haya.

Likizo ya Pasaka baba alikubali kunichukua. Tulisafiri kama treni zetu zinavyosafiri, kwa kusimama kuliko kwenda. Pale Bukama wanawake waliotoka Kinkondja walipandisha vikapu vya samaki wakavu mpaka hatukuwa na mahali pa kuweka miguu, kisha tukavuka daraja la Lualaba polepole, na mimi mapajani nimeshika kamera ya mama mdogo, iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameniachia filamu nusu.

Pale Luena alinijua kabla sijamjua. Alisimama chini ya dirisha letu na beseni la karanga kichwani, akasema tu: «Weye njo Mwadi.» Nikaitika kwamba ndiye mimi. Tukaoneana haya.  Baba akamwomba mama mmoja wa stesheni amlindie beseni, akatuambia turudi kabla treni haijageuza, na Godelive akatangulia njia.

Hapakuwa na ndugu. Nyumba ilikuwa ndogo na kimya, mama alikuwa shambani, na mlangoni, juu ya kiti cha mbao, alikaa mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Godelive akasema, «Papa, njo Mwadi wa Kamina.» Yule baba akatabasamu na kunyoosha mkono, lakini alinyoosha pembeni, si kwangu, na uso wake ulikuwa umeelekea barabarani. Nilisimama nikiwa nimeumia. Niliona kwamba hata kunitazama hataki. Ni Godelive aliyenisukuma kwa upole mpaka mkono wangu ukaingia ndani ya mkono wake.

«Kaa apa karibu,» akaniambia. «Uniambie tena ile ya soksi.»

Ndipo nilipoelewa, na nilielewa pole pole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo. Papa Godelive alikuwa mpiga picha wa Luena wakati watu wa makaa ya mawe walipokuwa wengi. Macho yake yalianza kufa Godelive akiwa bado anatambaa. Walikwenda hospitali, wakaenda nyingine, yakafa kabisa. Kamera ilibaki, dawa za kuoshea zilibaki kwenye machupa, na mtoto alipokua alimfundisha kupiga. Maneno chini ya picha yalikuwa kwa ajili ya huyo baba. Godelive aliyaandika ili amsomee jioni, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kutengeneza kabuku, aliniandikia na mimi vilevile. Kale kabuku kangu ka kwanza, kasikokuwa na neno hata moja, kalimtesa, ilibidi abuni mwenyewe habari za watu asiowajua. Nilipoanza kuandika alifurahi sana, akamwambia baba yake kwamba yule wa Kamina ameelewa.

Sikuwaambia nilikuwa nimeelewa nini.

Papa Godelive aliinuka akanionyesha chumba anachooshea filamu. Kilikuwa kijumba nyuma, dirisha limezibwa kwa blanketi. Alifunga mlango, nikawa sioni hata kidole changu, nikagonga meza na ndoo. Yeye alitembea humo kama mtu anayetembea uani kwake. Nilisikia vidole vyake vikifungua filamu na kuizungusha, nilisikia maji, nikamsikia akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, maana alipima muda wa dawa kwa beti za wimbo. Aliniambia kwamba humo ndani hata wenye macho hawana faida nayo. Godelive alicheka pembeni yangu gizani, na nadhani hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza nilichokisikia.

Baadaye Godelive alichukua ndoo akaenda bombani. Nilibaki mlangoni na baba yake. Alingoja mpaka nyayo zake zikapotea, kisha akainama upande wangu.

«Mwadi,» akasema, «Godelive ananiambiaka bintu yote. Miti, mbwa, kikwembe ya mama yake. Yeye mwenyewe tu njo haniambiake. Namuuliza, anasema hakuna ya kusema. Unisaidie. Mutoto yangu iko namna gani?»

Nikamwambia labda amwulize mama.

«Mama yake anasema anafanana na minyi. Lakini sura yangu, minyi nimeanza kuisahau.»

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Nilianza kwa njia pekee niliyoijua, kama naandika chini ya picha. Nikasema ni mrefu kunishinda. Shingo ni nyembamba. Nywele zimesukwa mistari inayoelekea nyuma, na mmoja umefumuka. Nikafika machoni nikakwama. Nilikuwa nimekaa naye asubuhi nzima na sikujua macho yake yakoje. Nikamwambia Papa Godelive asubiri, nikatoka mbio mpaka bombani. Godelive alikuwa kwenye foleni. Akaniuliza nataka nini, nikasema nimekuja kumsindikiza, nikamtazama mpaka akauliza kama ana kitu usoni. Nikarudi mbio. Nikamwambia baba yake kwamba macho ni makubwa, yamezama kidogo, na nyusi zinakaribia kukutana katikati lakini hazikutani. Kwamba ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, lenye umbo la punje ya mchele. Kwamba midomo ya chini na ya juu haifanani, wa chini umejaa na wa juu ni mwembamba.

Alisikiliza akiwa na mkono wake usoni mwake mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye nyusi zake, polepole.

«Na wakati anacheka?»

Hakuwa amecheka bombani. Nikatoka tena. Safari hii alikuwa amejaza ndoo na anaiinua, na nilikuwa nahema, sikujua nimchekeshe vipi, nikamwambia kwamba yule mzee wa soksi baadaye tulimpata, kwamba alikuwa na jozi nyingine nyumbani kama ile ile, moja nyeusi na moja kahawia. Niliitunga pale pale. Godelive aliweka ndoo chini akacheka mpaka akafunika mdomo kwa mkono, na ule mkono ulipoteleza nikaona. Sikumsaidia hata kubeba maji. Nilikimbia nikiushikilia uso wake machoni mwangu kama mtu anayebeba maji kwenye viganja, nikafika nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba meno mawili ya mbele yana nafasi katikati, kwamba mashavu yanapanda mpaka macho yanakuwa mstari, kwamba anaangalia chini kwanza kabla ya kucheka, kama anaomba ruhusa, halafu kichwa kizima kinakwenda nyuma.

 Machozi yalimtoka Papa Godelive bila uso wake kubadilika, na aliyaacha yakapita. Mwishowe akasema, «Njo mama yangu huyo. Njo mama yangu kabisa.» Nafasi ile katikati ya meno, kichwa kwenda nyuma, ni vya mama yake mzazi, aliyekufa kabla Godelive hajazaliwa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua isipokuwa yeye, na yeye hakuwa ameviona kwa binti yake. Godelive alipofika na ndoo alimkuta baba yake amesimama. Alimwita, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwomba acheke. Godelive alinitazama akauliza nimemwambia nini. Nikasema nilimsomea tu.

Hatukuonana tena. Treni zikawa chache, kisha injini zikaharibika na zikakaa bila kutengenezwa, na baba akashinda nyumbani amevaa kofia yake ya kazi bila kwenda popote. Kabuku kangu ka mwisho alikatunza kwenye mfuko akingoja safari, mpaka siku moja alinirudishia. Safari zilipoanza tena, muda ulikuwa umepita, na baba alileta habari kwamba yule mzee alifariki na mama na mtoto walikwenda kwa watu wao kando ya ziwa, upande wa Kinkondja. Mpaka leo wanawake wa samaki wakija sokoni huwa nawauliza kama wanamjua mwanamke mwenye nafasi katikati ya meno na kovu kama punje ya mchele. Wananijibu kwa huruma kwamba ziwa ni kubwa.

Siku ile tulipoondoka, walitusindikiza wote wawili. Baba alipunga bendera, treni ikaanza kuvuta, na Papa Godelive akainua mkono na kuupunga kwa nguvu kwenye behewa ambalo sikuwamo. Godelive akamshika mabega akamgeuza, kidogo, tena kidogo, mpaka mkono ule ukanielekea mimi. Hakuwa na mkono wa kunipungia, yote miwili ilikuwa kwa baba yake. Alikuwa anacheka. Kamera ilikuwa mapajani mwangu, bado ina filamu, na jua lilikuwa upande mzuri. Niliwaza nitampiga picha likizo ijayo. Nikatoa mikono yote miwili dirishani nikawapungia.